Mbio za Gilbert na Maswali ya Cibitoke

Kitabu tulichokuwa tukikisoma hapa kimefika mwisho, na ubishi wake ndio kwanza umepamba moto. Watu wananisimamisha njiani. Wengine wananipigia simu usiku, watoto wakishalala. Kila mmoja ana lake. Basi leo sisomi ukurasa wowote. Nataka tukae na maneno ya wasomaji wenyewe, hasa wa mtaa wa Cibitoke hapa Bujumbura, kwa sababu kitabu hiki kimesifiwa sana ng'ambo, na bado naona hakuna waliokisoma kwa makini kama hawa waliokitilia shaka.

Kwa aliyefungua redio sasa hivi, nieleze kidogo. Ni tawasifu ya Gilbert Tuhabonye, Mrundi mwenzetu, mzaliwa wa Songa huko Bururi, mtoto wa wakulima wenye ng'ombe. Kinaitwa This Voice in My Heart, jina linalotokana na sauti aliyoisikia moyoni. Alikiandika pamoja na Mmarekani Gary Brozek, kikatoka mwaka 2006. Utotoni Gilbert alikimbia kama wanavyokimbia watoto wote wa milimani: kwenda shule, kuteka maji bondeni, kufuata ng'ombe. Alipoingia sekondari ya Kibimba, miguu ile ikamfanya bingwa wa taifa wa mita 400 na mita 800. Alikuwa na miaka 18, na alikuwa akiota kwenda kusoma Marekani kwa nguvu ya mbio zake.

Kisha ikaja tarehe 21 Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa miezi michache tu kabla, aliuawa na wanajeshi, na nchi ikawaka. Pale Kibimba wanafunzi na walimu Watutsi walikamatwa, wakafungwa kamba, wakaswagwa hadi kituo cha mafuta kilicho karibu na shule, wakafungiwa ndani na kuchomwa moto. Gilbert alikaa saa nyingi katikati ya miili ya wenzake, naye anaungua, huku akisikia ndani yake sauti ikimwambia kwamba hatakufa. Usiku akavunja dirisha, akaruka, akakimbia gizani.

Hayo wengi wenu mnayajua hata bila kitabu. Anayepanda gari kwenda Gitega kwa njia ya Bugarama na Muramvya hupita Kibimba, na mnara wa ukumbusho uko pale kando ya barabara, umeandikwa kwa Kifaransa kwamba yasitokee tena kamwe. Nimewahi kuwa ndani ya gari la abiria, Probox ya kurudi Bujumbura, nikaona jinsi abiria walivyonyamaza mahali hapo. Hakuna aliyeambiwa anyamaze. Dereva akapunguza sauti ya muziki, tukapita, na baada ya kona mbili tatu mama mmoja akauliza kama kabichi za Bugarama zimeshuka bei. Mazungumzo yakarudi. Tunavyoishi na Kibimba ni hivyo, na anayetaka kuelewa kwa nini Cibitoke ilikipokea kitabu hiki kwa mashaka aanzie kwenye ukimya ule wa garini.

Sasa, kilichowagawa wasomaji wetu ni yale yanayofuata baada ya moto. Kuna hospitali, kuna makovu, kuna kujifunza upya kutembea, halafu kukimbia, halafu ndege. Mwaka 1996 Gilbert alikwenda LaGrange, jimbo la Georgia, kwenye kambi ya mazoezi ya wanariadha wa nchi zinazoendelea kabla ya Olimpiki ya Atlanta, Olimpiki ile ile ambayo Vénuste Niyongabo alituletea medali ya dhahabu ya kwanza katika historia ya Burundi, mita 5,000. Gilbert hakushindana Atlanta, ila alipewa heshima ya kubeba mwenge. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Abilene Christian huko Texas, akawa bingwa wa vyuo wa daraja lake kwa mita 800, akahamia Austin, na huko akawa mwalimu wa mbio anayeheshimiwa na mji mzima. Njiani humo, asema, ndimo alimopona, na ndimo alimosamehe.

Kwa msomaji wa Marekani kitabu cha namna hii kina rafu yake dukani. Mtu amevunjika moyo, anatoka nyumbani, anajitupa kwenye njia ngumu, anarudi mzima. Kilicho maarufu kati ya hivyo ni Wild, cha Cheryl Strayed, kilichotoka 2012: mama yake kafa, ndoa yake imevunjika, naye mwaka 1995 akabeba mzigo mzito kupita kiasi na kutembea peke yake zaidi ya kilomita 1,700 katika milima ya magharibi ya Marekani. Mamilioni wamekisoma. Wapo waliomlaumu kwamba alikwenda bila kujiandaa, viatu vyenyewe havimtoshi. Wapo walioandika kwamba wao pia walifunga mizigo yao wakaingia mlimani. Simdharau hata kidogo, maana msiba wa mama ni msiba. Ninachosema ni kwamba rafu ile inamchukua msafiri kuwa mtu aliyechagua kusafiri. Anaweza kugeuka wakati wowote akarudi nyumbani.

Cibitoke hawana rafu hiyo. Na kitabu chenyewe hawakukisoma kama kinavyosomwa Austin. Kiingereza ni lugha rasmi ya Burundi tangu 2014, lakini mtaani anayeweza kumaliza kitabu kizima cha Kiingereza ni wa kutafuta. Kwa hiyo mmoja anasoma na kueleza kwa Kiswahili, mwingine anaongezea kwa Kirundi pale penye uzito, na nakala moja inapita mkono hadi mkono mpaka jalada linaachia. Kilisomwa uani. Kilisomwa kwenye ligala, yaani kijiweni, vijana wamekaa juu ya mtaro, mmoja kashika simu awamulikie. Kilisomwa kwa kinyozi, mteja akikatwa nywele na kichwa kimeinama, anauliza maswali bila kuinua uso. Kitabu kikisomwa kwa sauti mbele ya watu, kila sentensi inasimama mahakamani. Hakuna anayeipitisha kimya kimya.

Wa kwanza kunikabili alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa heshima ambaye nusu ya vijana wa mtaa wamepita mkononi mwake. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaniambia bila kuzunguka: "Mwanangu, huyu alipona kwa sababu aliondoka. Sisi tuliobaki tupone kwa kitabu gani?"

Nataka mlipime neno hili, kwa sababu kwangu ndilo zito kuliko yote. Mzee huyu hakutoka Cibitoke miaka ya vita. Mnaifahamu ramani yetu ya kaskazini: ukivuka mto Ntahangwa una Ngagara, Cibitoke, Mutakura, na kando yao Kamenge na Kinama. Kabla ya 1993 watu walikuwa wamechanganyika, wanaoleana, wanakopeshana chumvi. Kufikia 1995 mitaa ilikuwa imetengana, Wahutu wamesukumwa upande mmoja na Watutsi upande mwingine, nyumba zimeachwa, nyingine zimebomolewa hadi mabati. Mtu wa Cibitoke angeweza kufika Kamenge kwa mguu kabla chai haijapoa, na kwa miaka kadhaa hakwenda, wala wa Kamenge hakuja. Mzee alifundisha katika hali hiyo. Madawati yalikuwa yakipungua wenyewe wiki hata wiki, naye akiita majina asubuhi na kuruka yale ambayo hakuna haja ya kuyaita tena. Mtu kama huyo ukimwambia kwamba safari inaponya, ana haki ya kukuuliza ni nani anayelipa nauli.

Kijana mmoja alijaribu kumjibu kwa methali ya Kirundi: akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze, kindege kisichoruka hakijui mtama umeiva wapi. Mzee alitikisa kichwa. Akasema methali ile ni ya ndege aliyetoka mwenyewe kwenye kiota, si ya ndege ambaye mti wake umechomwa. Kijana akanyamaza, nami pia sikuwa na la kuongeza.

Jibu, kama lipo, lilitoka kwa mtu ambaye sikumtarajia. Ni kijana anayekimbia alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kabla pikipiki na baiskeli hazijajaa. Viatu vyake ni vya mtumba, soli ya kushoto imeshikwa na gundi ya fundi na mshono wa uzi wa nailoni. Alinionyesha kwa fahari. Yeye hakujali sana kurasa za moto. Aliniambia, na ninaamini alisema kweli, kwamba kurasa hizo alizisoma harakaharaka kwa sababu nyumbani kwao zinajulikana. Alizozirudia ni zile za mazoezi baada ya hospitali, mwili wenye makovu ukikataa na mwenye mwili akiulazimisha. "Pale," akasema, "hakuna anayemfukuza."

Nimekaa na sentensi hiyo. Usiku wa Kibimba Gilbert alikimbia kwa sababu kifo kilikuwa nyuma yake. Miguu ilikuwa yake, lakini njia haikuwa yake, wala saa, wala mwendo. Miaka ikapita, akakimbia tena, mtu yule yule, miguu ile ile, na safari hii anaamua aanzie wapi, aishie wapi, apumzike lini. Kama kuna dawa ndani ya kitabu hiki mimi naiona hapo, wala sioni kwamba umbali wa kutoka Bururi hadi Texas ndio uliomponya. Ingekuwa umbali unaponya, kila aliyepanda ndege angekuwa mzima, na sote tunao ndugu Canada, Ubelgiji na Australia ambao wamefika mbali sana na bado hawalali usiku.

Na jambo hili jiji letu linalijua tangu zamani, ingawa hatukuliandika. Bujumbura ni mji wa watu wanaokimbia pamoja. Jumapili asubuhi makundi hupanda milima ya mashariki wakiimba, fulana za rangi moja, mpiga filimbi mbele, na juu kule wanasimama kutazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Wazee wanasimulia kwamba desturi hii ilishika mizizi miaka ya vita, watu wakitafuta pa kutua mzigo wa wiki nzima. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Machi 2014 serikali ilikataza makundi kukimbia mitaani bila kibali, ikisema baadhi yao yanatumiwa kuchochea fujo, na ikataka mbio zifanyike kwa vilabu na mahali palipopangwa. Waandishi wa ng'ambo walishangaa sana, wakaichukua kama kioja. Sisi hatukucheka. Mama aliyefiwa, askari mstaafu na karani wa benki walikuwa wakipanda mlima mmoja kwa pumzi moja, na anayekwenda mbele hakuulizwa ni kabila gani. Kukosa hilo hata kwa muda kuliuma.

Kwa hiyo namwambia mzee mwalimu, kwa heshima zote: Gilbert aliondoka, kweli. Lakini kilichomponya kinaweza kufanyika hata kwa kupanda mlima wa hapa na kushuka. Najua hajaridhika. Nitarudi kwake.

Mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, soko la Cotebu alileta swali ambalo hakuna mchambuzi niliyemsoma aliyelileta kwa namna yake. Nilimkuta anachambua, ndagala zimetandazwa juu ya gunia, vidole vinakwenda vyenyewe: zilizovunjika upande huu, nzima upande ule, mchanga unapulizwa. Binti yake ndiye aliyekuwa akimsomea kitabu jioni. Nikamwuliza, mama, umekionaje? Hakuinua macho. Akasema: "Mungu alimwambia huyu kijana hutakufa. Na wale wengine aliokuwa nao mle ndani, aliwaambia nini?"

Sikujibu, na hapa hewani pia sina jibu. Naomba tu tusilipite haraka. Kaskazini ya Bujumbura ina makanisa kila kona, na katika makanisa yetu ushuhuda una umbo lake ambalo kila mtu analijua kwa moyo: niliteseka, nikasikia sauti, nikashinda, haleluya. Kitabu cha Gilbert kina umbo hilo. Ni mtu wa imani, hafichi, na mimi naiheshimu imani yake kwa sababu ameilipia kwa mwili. Lakini umbo la ushuhuda lina hatari yake: linamwinua aliyepona hadi waliokufa wanabaki ngazi za kumpandishia. Mama wa ndagala aliliona hilo kwa sababu yeye yuko upande wa ngazi. Kuna wa kwake ambaye hakurudi. Sikumwuliza jina, maana kwetu hatumtajii mtu marehemu wake ovyo ovyo, kufanya hivyo ni kumtia kidole kidondani. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Na bado, sikilizeni, huyo huyo mama alikataa kumrudishia mwenye kitabu mpaka binti yake amsomee tena mahali ambapo Gilbert anasimulia kuhusu kusamehe. Nilimwuliza kama anakubaliana naye. Akasema hakubaliani, ila anataka kujua mtu anafikaje hapo. Anataka kuona hatua. Na kwa kweli ndipo ninapokiona kitabu kina upungufu: kinafika kwenye msamaha upesi kuliko moyo wa msomaji. Huenda yeye aliyeishi miaka ile haoni upesi wowote, kwake ilikuwa njia ndefu, lakini kwenye karatasi tunageuza kurasa chache na mtu ameshafika. Msomaji wa Austin anapumua kwa faraja. Msomaji wa Cibitoke anarudi nyuma kutafuta kurasa zilizoanguka.

Mtu wa Kamenge, fundi wa kuchomelea vyuma, alinijia na shutuma nyingine. Alisema: moto wa Kibimba tumeusikia, ni kweli, ni unyama, mimi mwenyewe napita pale nikivua kofia. Na 1972? Baba yangu mkubwa alichukuliwa shuleni 1972 hakurudi, naye alikuwa mwalimu, naye alikuwa na wanafunzi. Nani aliandika kitabu chake kikauzwa Marekani?

Hilo nalo ni neno la haki. Mwaka 1972 Wahutu wengi mno waliuawa, hasa waliosoma, na kwa miongo mizima hapakuwa hata na mahali pa kulisema. Ni mwaka 2020 tu ambapo Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mifupa karibu na mto Ruvubu, na watu wakatambua nguo, wakatambua miwani. Maumivu ya fundi yule ni ya umri wangu wote. Lakini hapa natofautiana naye, na nilimwambia hivyo uso kwa uso. Tawasifu ni mdomo wa mtu mmoja. Ukimdai Gilbert asimulie 1972 kwa uzito ule ule aliosimulia usiku aliokuwa anaungua, unamdai aseme asiyoyaona. Kitabu chake kinadaiwa ukweli wa macho yake, basi. Deni la 1972 linadaiwa kwetu sote, nami nataka kuliona limeandikwa na mtoto au mjukuu wa wale waliochukuliwa, kwa jina lao, likae kwenye meza moja na hiki cha Gilbert. Pale Centre Jeunes Kamenge, ambako tangu miaka ya vita vijana wa mitaa yote ya kaskazini wamekuwa wakikutana kwenye mpira na masomo, kazi iliyopewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002, vijana wa pande zote walikaa chumba kimoja wakati baba zao hawakuweza hata kupita barabara moja. Vitabu navyo vinaweza kukaa hivyo.

Wakati huo huo nawashauri wanaojua Kiingereza watafute Strength in What Remains cha Tracy Kidder, cha mwaka 2009. Ni habari za Deogratias Niyizonkiza, aliyekuwa akisoma udaktari mauaji yalipomkuta hospitalini Mutaho, Oktoba ile ile ya 1993. Alitembea porini hadi Rwanda, Rwanda nako kukawaka, hatimaye akafika New York na dola 200, akalala katika bustani ya Central Park, akafanya kazi ya kupeleka vyakula majumbani, na baadaye akarudi kuanzisha kituo cha afya Kigutu. Nakitaja kwa sababu mwandishi, akiwa mtu wa nje, anathubutu kuonyesha kwamba Deo hajapona kabisa, kwamba ndoto zinarudi, kwamba kurudi mahali pa tukio kunaweza kumtetemesha mtu hata baada ya miaka kumi na zaidi. Wasomaji wetu wawili watatu waliovisoma vyote viwili wameniambia walimwamini Gilbert zaidi baada ya kumsoma Deo. Waliona kwamba kupona kuna siku mbaya zake.

Sasa nifike kwa yule aliyenifanya niandae mazungumzo haya. Ni dada wa umri wa miaka thelathini na kitu, anashona nguo Cibitoke. Mwaka 2015, Aprili, maandamano yalipoanza katika mitaa yetu na risasi zikafuata, yeye na wadogo zake walishuka kusini kando ya ziwa, wakavuka hadi Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji. Mnakumbuka Kagunga. Makumi ya maelfu ya watu walirundikana kwenye ufuko ule, kipindupindu kikaingia, na hakuna barabara ya gari. Meli ya MV Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyowachukua kwa zamu kuwapeleka Kigoma. Watu wanafikishwa kwenye meli kwa mitumbwi, watoto wanarushwa juu kama mizigo, akina mama wanahesabu vichwa. Kutoka Kigoma akapelekwa kambi ya Nyarugusu. Alikaa huko miaka, akajifunza kushona huko huko, akarudi.

Alipomaliza kusikiliza kitabu, aliniambia hivi: "Kaka, mimi pia nimesafiri. Mbona hakuna anayeniita msafiri?"

Ndugu wasikilizaji, hapo alinishika. Sisi wenye Kiswahili tuna urithi mkubwa wa habari za safari. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwaka 1901, Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo yupo Selim bin Abakari, Mngazija, anayesimulia kwa Kiswahili safi jinsi alivyofika Urusi na Siberia. Tunawasifu watu hao, na wanastahili. Lakini walikwenda na tajiri wao, wana posho, wana tarehe ya kurudi. Anayetoka Cibitoke na ndoo, blanketi na wadogo zake wawili tunamwita mkimbizi, tunampa kadi, tunampa namba, na akirudi tunamwuliza amerudi na nini. Hatumwulizi ameona nini. Hatumwulizi njia ya Kagunga ina harufu gani, nani alimgawia maji, ni kijiji gani cha Watanzania kilichompikia ugali kabla mashirika hayajafika. Amevuka ziwa na mpaka, amejifunza ufundi, amejua Kiha na Kiswahili cha Kigoma, amelea watoto ambao si wake. Akiwa Marekani angeandikiwa mkataba wa kitabu.

Nilimwuliza kama safari ile ilimponya. Akasema hapana, ile ilimwumiza. Kilichomponya kidogo, akasema, ni siku aliyopanda basi mwenyewe, miaka baada ya kurudi, na kwenda Kigoma kununua vitambaa. Alilipa nauli yake, akachagua kiti cha dirishani, akala samaki mwaloni, akarudi siku aliyotaka. Sikumtajia yule kijana anayekimbia, wala yeye hamjui. Lakini wote wawili walinipa jambo moja: kinachoponya ni mwendo ambao mtu amejichagulia mwenyewe.

Nilisema nitarudi kwa mzee mwalimu. Nilimpelekea hoja hii. Nikamwambia pia kwamba Gilbert hakuishia huko, kwamba mwaka ule ule wa 2006 alishiriki kuanzisha Gazelle Foundation, na kwamba wakimbiaji wa Austin hukimbia kila mwaka ili kuchangia maji ya Burundi: chemchemi zinahifadhiwa mlimani, maji yanateremka kwa mabomba bila injini hadi vijijini, na anayeteka ni yeyote, Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto aliyekimbia na mtungi bondeni amewapunguzia watoto wengine mwendo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akasema maji ni jambo jema na Mungu ambariki kijana huyo. Kisha akasema: "Lakini mimi bado nipo hapa, na bado sijasoma kitabu cha aliyebaki."

Nikamwambia basi akiandike. Alicheka, akasema macho yake hayafai tena. Ila amekubali jambo lingine. Yule dada mshonaji ana daftari, la mistari, jalada la bluu, aliloanza kuandika Nyarugusu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi. Mzee atalisahihisha tahajia, na mimi nimepewa ruhusa ya kulisoma hapa bila kutaja jina lake. Kurasa za kwanza zinaanzia ufukweni Kagunga, watu wakisubiri meli. Fundi wa Kamenge naye ameahidi kuja studio kusimulia habari za baba yake mkubwa, kwa kinywa chake mwenyewe, na nimempa muda wa kutosha.

Kama nawe una daftari la namna hiyo, la 1972, la 1993, la 2015, la kwenda au la kubaki, lilete au mpe mtu alilete. Kirundi, Kiswahili, Kifaransa, chochote. Tunaanza na la dada huyu wiki ijayo, saa hii hii.